Mashua ya babu imelala miaka 6 chini ya mkungu: mwanagenzi aanzie wapi?

Swali: Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, Pangani. Marehemu babu aliniachia mashua ya tanga ya futi 18, ambayo imelala ufukweni chini ya mkungu tangu alipofariki miaka 6 iliyopita. Mbao zimeachana hata mwanga unapenya, misumari inatoa kutu, na ubao mmoja wa ubavuni umeoza. Sijawahi kutengeneza chombo. Kazi ya mbao niliyoizoea ni kukarabati madawati. Jirani amenishauri ning'oe mbao mbovu zote kwa mara moja, kisha niivike mashua nzima faiba. Je, mashua hii inafufulika, na nianzie wapi?

Jibu: Mwalimu, Mola amrehemu babu yako. Mashua ya futi 18, yaani dhiraa 12 au pima 3 kwa hesabu ya wazee, hufufulika ikiwa mkuku (mti mrefu wa chini kabisa), hanamu (mti wa mbele unaokata maji) na mti wa nyuma unaobeba usukani bado ni vizima. Hivyo vitatu vikiwa vimeoza kwa pamoja, nitakushauri uvue vyuma, mlingoti na kamba, uunde chombo kipya, kwa sababu kazi itakuwa ni hiyo hiyo na gharama itakuwa kubwa zaidi. Mbao za ubavuni na mataruma, yaani mbavu za ndani, ni vitu vya kubadilishwa, na sidhani kama babu yako mwenyewe hakubadilisha kadhaa katika maisha ya mashua hiyo. Ushauri wa jirani yako, hata hivyo, una makosa mawili ambayo yameua vyombo vingi vilivyoangukia mikononi mwa wanagenzi: kung'oa vingi kwa wakati mmoja, na kuufungia ubovu ndani ya ganda. Nitayafikia yote mawili mahali pake.

Kabla ya kushika nyundo, elewa kwanza ni nini kilichokuwa kikiila mashua yako miaka hii yote, maana adui wa mbao majini si yule wa nchi kavu. Chombo kinachokaa baharini hushambuliwa na teredo, kiumbe mwenye umbo la mnyoo ambaye kwa kweli ni wa jamii ya chaza na kome. Huingia akiwa mchanga kupitia tundu dogo kama kichwa cha pini, kisha hukua humo ndani na kuchimba kwa kufuata urefu wa ubao, hata ubao unaoonekana mzima kwa nje ukawa mapango matupu kwa ndani. Huyo hawezi kuishi bila maji ya chumvi, na ndiyo sababu wazee walikipandisha chombo pwani kila baada ya muda, wakakilaza ubavu na kukichoma tumbo kwa moto wa makuti. Katika mashua iliyolala mchangani miaka 6, teredo amekwisha kufa zamani, na kilichobaki ni mashimo yake tu.

Aliyekuwa kazini tangu hapo ni kuvu, na kuvu hupenda maji baridi, yaani yasiyo na chumvi. Ubao ambao unyevu wake hauzidi asilimia 20 hauliwi na kuvu, na ubao uliolowa chumvi huipinga kwa kiasi kikubwa. Ubao unaooza ni ule unaonyeshewa na mvua, ukakaa na maji yasiyo na pa kutokea. Wajenzi wa meli za mbao za pwani ya kaskazini-mashariki ya Marekani walilijua jambo hili vizuri, hata wakawa wanajaza chumvi katika nafasi zilizo kati ya mataruma ili maji ya mvua yatakayovuja kutoka juu yawe maji ya chumvi kabla hayajafika chini. Kwako wewe, mkungu umefanya mema na mabaya: kivuli chake kimezuia jua lisipasue mbao, lakini mkungu hupukutisha majani makubwa, na majani hayo yakioza ndani ya ngama, yaani sehemu ya chini kabisa ndani ya chombo, hushika maji ya masika kama sifongo. Kwa hiyo usishangae ukikuta sehemu ya juu ya mashua imepona na ya chini, ndani, imeumia. Anza kwa kuzoa majani yote, toa mchanga, zibua vitundu vinavyopitisha maji chini ya mataruma, kisha osha ndani kwa maji ya bahari, si ya bomba, na uache pakauke.

Kazi ya pili ni kuisimamisha. Chombo kilicholala ubavu kwa miaka huwa kimejipinda, na ukikitengeneza kikiwa kimejipinda utakuwa umekifunga katika upotofu wake. Waombe vijana wanane au kumi siku ya mapumziko, muinyanyue mashua na kuiketisha juu ya magogo mafupi yasiyopungua manne, yaliyopangwa kwa urefu wa mkuku, kila gogo likiugusa mkuku kwelikweli, kisha itie magadi, yaani miti ya kuitegemeza, matatu kila upande. Funga uzi wa mwashi kutoka omo (mbele) hadi tezi (nyuma) kando ya mkuku, uukaze, na upime umbali kati ya uzi na mkuku kila baada ya futi 2. Mara nyingi utakuta katikati pamepanda na ncha mbili zimeshuka, kama mgongo wa paka aliyekasirika. Mpindo wa sentimita 1 au 2 kwa mashua ya urefu huo ni uzee wa kawaida. Ukizidi hapo, legeza kabari za katikati kidogo kidogo kila juma na uiache mashua ishuke kwa uzito wake yenyewe. Usiilazimishe kwa jeki, kwa sababu mti mkavu haunyooki kwa siku moja, huvunjika.

Ikishasimama sawa, pigilia fito imara kutoka ubavu hadi ubavu, juu kabisa, mahali pasipopungua patatu, na andika kwenye kila ufito upana wa mashua mahali hapo. Fito hizo hazitatoka hadi kazi ya mbao imalizike. Hapa ndipo lilipo kosa la kwanza la jirani yako. Umbo la chombo halishikwi na kitu kimoja; kila ubao huyashika mataruma na kila taruma huzishika mbao, na ukiondoa nyingi kwa pamoja, kilichobaki hufuata njia yake. Katika mwaka wangu wa tatu wa kazi hii niling'oa mbao tano za ubavu mmoja kwa siku moja, nikijivunia wepesi wa mkono wangu. Kesho yake asubuhi ubavu ule ulikuwa umefunguka kwa upana wa vidole vitatu, na mbao mpya nilizokuwa nimezikata kwa vipimo vya jana hazikukaa tena. Ilinichukua majuma mawili ya kamba na kabari kuurudisha, na hata leo ile mashua ikipita mbele yangu naujua ubavu ulionenepa. Kwa hiyo kanuni ni kutoa ubao mmoja, kurudisha ubao mmoja, kisha kuhamia ubavu wa pili. Na ikiwa taruma nalo ni bovu, libadilishe wakati mbao zilizo juu na chini yake bado zimefungwa.

Sasa ukaguzi. Chukua bisibisi yenye ncha, nyundo ndogo na chaki, na ujipe siku nzima. Gonga kila nusu futi: mbao nzima hulia, mbovu hunong'ona. Palipotoa sauti nzito, choma kwa bisibisi na uinue nyuzi za mti kidogo. Mti mzima huinuka kwa kibanzi kirefu kinachokataa kukatika, mti uliooza hukatika vipande vifupi kama biskuti. Mahali pa kuanzia ni ubao ule unaokaa kando ya mkuku pande zote mbili, kisha miguu ya mataruma ndani ya ngama, kisha mwashiri, lile gogo la chini linalopokea kitako cha mlingoti, ambako maji yanayotiririka kwenye mlingoti hujikusanya. Baada ya hapo nenda kwenye ncha za mbao zinapoingia hanamu na tezi, kwa kuwa mti hunywa maji kwa mdomo wake, yaani pale ulipokatwa, kuliko kwa ubavu. Vichwa vya mataruma chini ya ubao wa juu kabisa husahauliwa na wengi, nami nimekuta humo ubovu katika vyombo vilivyopakwa rangi mwezi uliopita. Ubao ulioozea ubavuni ambao umeutaja unaonekana, na kwa hiyo haunitii wasiwasi. Nina wasiwasi na usivyoviona.

Kama unaweza kumlipa fundi wa vyombo kwa siku mbili tu katika kazi nzima, mlipe moja ya siku hizo leo, akague nawe na kukuonyesha mkuku unasema nini. Ya pili iweke kwa kalafati, yaani kuziba mifereji kati ya mbao kwa pamba.

Kuhusu misumari, kutu inayotoka si lazima iwe hukumu. Msumari wa chuma unapooza huuharibu mti unaouzunguka, ukawa mweusi na laini, na msumari mpya ukipigwa katika tundu lile lile hautashika kitu. Ndani ya mashua utaona ncha za misumari zimekunjwa juu ya mataruma. Kata au nyoosha mkunjo huo kwanza, kisha ipige ncha kutoka ndani kwenda nje kwa chuma chembamba. Ukiivuta kwa nje kabla ya kunyoosha, utaondoka na nusu ya ubao. Tundu la zamani lizibe kwa kigingi cha mti mkavu kilichochovywa mafuta, na msumari mpya upigwe pembeni yake, baada ya kutoboa njia kwa keekee iliyo nyembamba kuliko msumari. Tumia misumari iliyochovywa zinki, na uizungushie uzi wa pamba wenye mafuta chini ya kichwa ili maji yasifuate njia ya chuma. Usichanganye misumari ya shaba na ya zinki katika chombo kimoja kwa sababu tu umepata michache ya bure: metali hizo mbili zikikutana katika maji ya chumvi, ile ya zinki huliwa haraka.

Mti wa kubadilishia ni suala la mfuko na la mahali. Kwa mbao, mvule na msaji hudumu. Mbambakofi hudumu pia ingawa ni mzito na utakutoa jasho. Mwembe ni rahisi na unapatikana, lakini huoza mapema, nami singeupeleka chini ya mstari wa maji katika chombo ninachotaka kumwachia mtoto. Chagua ubao wa unene ule ule wa zamani, ambao kwa mashua kama yako huwa karibu inchi 1, uliokaa kivulini ukikauka kwa takribani mwaka mmoja kwa kila inchi ya unene. Kwa mataruma hutafuti ubao, unatafuta pindo. Taruma zuri hukatwa kutoka tawi lililokua likiwa limepinda, ili nyuzi za mti zifuate tao lote. Ukichonga pindo kutoka mbao iliyonyooka, litapasuka pale nyuzi zinapokatika. Pinda waya mnene au ufito mwembamba kwa kufuata ubavu wa mashua, kisha tembea nao kwa wauza miti mpaka ulipate tawi lake. Mkomafi ndio mti ninaoupendelea kwa kazi hiyo, lakini ni jamii ya mikoko, na mikoko haikatwi bila kibali cha mamlaka ya misitu, kwa hiyo nunua kwa muuzaji mwenye kibali au tumia tawi la mfenesi. Mwanagenzi pia ana njia ya mkato ambayo si aibu: taruma lililopasuka lakini halijaoza unaweza kuliacha mahali pake na kulifunga mwenzake ubavuni.

Kuukata ubao mpya kunatisha watu kuliko inavyostahili. Usitumie ubao wa zamani kama kipimo, kwa kuwa umekwisha kusinyaa na kingo zake zimelika. Pima pengo lenyewe. Bandika ubao mwembamba wa zamani, au hata karatasi ngumu ya boksi, ndani ya pengo, chora kingo zote, hamishia kwenye ubao mpya, na ukate ukiacha unene wa mstari wa penseli nje ya alama. Kisha uulete kwa randa, ukiujaribisha mara nyingi. Ukingo wa ndani wa mbao mbili ugusane kabisa, na ukingo wa nje uachane kwa milimita 2 au 3, ili mfereji uwe na umbo la kabari. Bila hivyo pamba itapita hadi ndani ya mashua. Ikiwa huwezi kupata ubao mrefu wa kutosha na ni lazima uunge, kiungo kisikae jirani na kiungo cha ubao wa juu au wa chini yake. Acha nafasi ya mataruma matatu kati yao.

Nafika kwenye kalafati, na hapa nakuomba usome taratibu, kwa kuwa ndipo wanagenzi wenye bidii wanapoharibu kazi njema. Mwanga unaouona kati ya mbao si maradhi. Mbao zimekauka, zimesinyaa, na zikirudi majini zitavimba. Anayekalafati mashua iliyokauka miaka 6 kwa nguvu zake zote, akashindilia pamba mpaka mfereji ukajaa, huwa ametega mtego: mbao zikivimba hazina pa kwenda, zitaisukuma pamba, na pamba isiposogea zitavuta misumari au kuvunja mataruma. Nimeona taruma jipya limekatika namna hiyo siku ya tatu majini. Kwa hiyo loweka kwanza. Tandika magunia ndani na ubavuni, yamwagie maji ya bahari asubuhi na jioni kwa siku kumi au zaidi, na utazame mifereji ikifunga. Ndipo safisha kila mfereji kwa chuma kilichopindwa ncha, utoe pamba ya zamani na uchafu wote, na uache juu pakauke kwa siku moja.

Pamba isokotwe uzi mlegevu, ilowekwe mafuta ya nazi au sifa (mafuta ya papa) na kukamuliwa. Iingize kwa chembeu, patasi ya kalafati, ukifanya vikunjo vidogo vidogo, si uzi ulionyooka, kisha rudi tena kwa nyundo ukikaza kwa mapigo ya wastani. Masikio yatakuambia: sauti ya chembeu hubadilika kutoka ya kufifia ikawa ya kukaza, na hapo ndipo pa kuacha. Pamba ibaki chini kidogo ya uso wa ubao ili pati ya chokaa na mafuta ipate nafasi. Mfereji ambao baada ya kulowekwa bado unapitisha kidole kidogo hautibiki kwa pamba. Ubao huo umetoka mahali pake au umechakaa, na dawa yake ni ubao.

Baada ya hapo kuna upakaji. Desturi ya pwani yetu ni sifa ndani na juu ya mstari wa maji, na deheni, yaani chokaa iliyochanganywa na shahamu, kwa tumbo lote la chini. Deheni humzuia teredo lakini huisha, na lazima irudiwe kila baada ya miezi michache. Siku hizi papa wamepungua na sifa safi ni adimu, basi mafuta ya kitani yanafaa badala yake, na chini unaweza kutumia rangi ya dukani ya kuzuia viumbe wa baharini. Hapa pia ndipo lilipo kosa la pili la jirani. Faiba hushika vizuri juu ya kitu kisichotikisika, lakini mashua ya mbao zilizopangwa ukingo kwa ukingo hupumua, huvimba na kusinyaa, na gamba gumu litapasuka kwenye mifereji. Zaidi ya hayo, mbao zilizokunywa sifa miaka mingi hazishiki gundi ya faiba, na maji yatakayopenya kwenye ufa hayatakuwa na njia ya kutoka. Mashua itaonekana mpya mwaka wa kwanza, na itaoza bila wewe kuona.

Mlingoti na foromali (mti unaobeba tanga) vikague kama ulivyokagua mataruma, hasa pale henza (kamba ya kupandishia tanga) inapopita na pale mlingoti unapobanwa. Tanga lililokaa ndani miaka 6 livute kwa mikono miwili. Likichanika kama karatasi, usilishone viraka, shona jipya. Kama unakusudia kubeba abiria au wanafunzi, panga ukaguzi na leseni ya TASAC, shirika la serikali linalosimamia vyombo vya majini, kabla ya kuipaka rangi, ili wakikuagiza jambo usipake mara mbili.

Kwa upande wa majira, anza kazi masika yakiisha, fanya mbao na kalafati katika miezi mikavu ya kusi, na uiweke majini wakati wa maleleji, upepo unapokuwa haujaamua pa kuvuma. Chagua bamvua, siku moja au mbili baada ya mwezi mpevu au mwezi mwandamo, maji yanapopanda juu na kushuka mbali. Usiitie majini na kuiondosha siku hiyo hiyo. Ifunge pale inapofikiwa na maji kujaa, iache ijae maji na kupwa nayo kwa siku mbili au tatu, huku umeiwekea magunia ya mchanga isichukuliwe. Siku ya nne kausha maji yote kwa upo (chombo cha kuchotea maji) na uhesabu: kama asubuhi unatoa ndoo ishirini, jioni kumi na tano, kesho yake nane, mbao zinafunga na unachohitaji ni subira. Kama hesabu haishuki baada ya siku ya tano, ipandishe tena juu ya magadi, uikaushe nje kwa kitambaa, kisha umimine maji ndani hadi yafunike mataruma. Tembea kuizunguka ukiwa na chaki, na kila tone linapotokea nje, weka alama kabla halijaenea.